Mkanda Ndio Uhai Ndege Ituapo kwa Kishindo

Wasafiri wengi huudharau mkanda wa kiti cha ndege. Huufunga shingo upande, na mara tu magurudumu yagusapo lami huufungua, kila mtu akikimbilia begi lake. Wenye tabia hiyo na wasikie yaliyotokea Toronto, Kanada, tarehe 17 Februari 2025.

Ndege ya Delta kutoka Minneapolis, Marekani, ilikuwa ikitua ikiwa na watu 80. Ilishuka kwa kasi ya zaidi ya futi 1,000 kwa dakika, kasi ambayo hupaswa kupunguzwa sana kabla ya kugusa ardhi. Ilipiga lami kwa kishindo ikiegemea upande wa kulia. Chuma cha magurudumu ya upande huo kilivunjika, bawa likang'oka, ndege ikaserereka na kupinduka tumbo juu.

Abiria walijikuta wakining'inia kama popo, wameshikiliwa na mikanda yao. Watu 21 walipelekwa hospitalini. Hakuna hata mmoja aliyefariki.

Je, asiyefunga mkanda hupatwa na nini? Tarehe 6 Julai 2013, Boeing 777 ya Asiana ilishuka chini mno ikikaribia uwanja wa San Francisco, ikagonga ukuta wa bahari na mkia wake ukakatika. Kati ya watu 307, watatu walifariki. Wachunguzi waligundua kwamba wawili kati yao hawakuwa wamefunga mikanda, wakarushwa nje. Walisema kwamba lau wangalifunga, yaelekea wangalinusurika.

Baada ya kishindo, adui mwingine ni moto. Ndege kubwa za abiria hutakiwa zithibitishe kwamba watu wote waweza kutoka kwa sekunde 90, huku nusu ya milango ikiwa imefungwa. Anayesimama kutafuta begi huwazibia njia walio nyuma yake.

Basi mzazi, kabla ya kutua kaza mkanda wako uukalie nyonga, si tumbo, kisha ukague wa mtoto. Hesabu viti vilivyopo hadi mlango wa karibu. Usifungue mkanda hadi ndege isimame na taa ya ishara izimwe. Ukiamriwa kutoka, shika mtoto, acha mzigo.

Ajali haina kinga, husema wahenga. Lakini madhara yake yaweza kupunguzwa, na mkanda ni bure.