Hesabu ya Kinyume: Mchele wa Ghalani na Hewa ya Pompi

Katika shule zetu wanafunzi wengi wanasema: vitu viwili vinafuatana kwa kinyume, kimoja kikizidi na kingine kikipungua. Neno hilo si la uongo, lakini halitoshi, na katekista mwenye kutunza ghala anaweza kuumizwa nalo.

Tuchukue mchele, maana huku Kasongo na Kabambare tumeuzoea tangu siku za Waungwana. Tuseme misioni ina kilo 600, na kila mkatekumeni anakula nusu kilo kwa siku. Ndiyo kusema ghalani mna mafungu 1200, basi. Watu 30 watakula siku 40. Watu 40, siku 30. Watu 60, siku 20. Zidisha hesabu ya watu kwa hesabu ya siku: kila mara utapata 1200. Hapo ndipo penye uwiano wa kinyume. Si kule kupungua tu, bali ni lile zao lisilogeuka.

Mwingine atasema: "Tuliongeza watu 10, tukapoteza siku 10, basi wakiwa 50 zitabaki siku 20." Sivyo, ni 24. Tena kwa hesabu yake watu 70 wasingekula hata siku moja, na mchele umejaa ghalani! Lakini kosa hilo linaweza kuleta njaa vilevile. Wakija watu 35, yeye ataahidi siku 35. Kumbe mchele utatosha siku 34, na siku ya mwisho mafungu 10 yatangojewa na watu 35. Katika mwezi unaotangulia mavuno hilo si jambo la kucheka.

Njiani ni vilevile. Mwenye kusukuma kinga kutoka Kasongo mpaka Kabambare, matope yakishusha mwendo wake hata theluthi, atatumia saa mara tatu, kwa maana njia yenyewe haikurefuka.

Hewa nayo inafuata sheria hiyo. Robert Boyle aliitangaza mwaka 1662. Nyuma yake, katika karne hiyohiyo, Edme Mariotte, Mfaransa na mtu wa Kanisa, akaieleza pia. Ziba tundu la pompi ya kinga, kisha sukuma: nafasi ya hewa iliyofungwa ikiwa nusu, mkazo wake unakuwa mara mbili, ikiwa robo, mara nne. Ila moto wa hewa usibadilike. Anayesukuma kwa haraka anasikia pompi ikipata moto mkononi, na hapo zao halisimami tena.

Basi kabla ya kuzidisha, tuulize ni kitu gani kinachokaa bila kugeuka. Watu 6 wakilima shamba kwa siku 4, je, watu 12 watalimaliza kwa siku 2? Ndiyo, kama kila mtu ana jembe lake. Majembe yakiwa 6 tu, wengine 6 watakaa kivulini.