Watoto Nao Wapewe Donge la Unga

Kila Mwezi Mtukufu wa Ramadhani unapoingia kumi la mwisho, nyua za Unguja na Pemba huanza kunukia iliki. Karai huinjikwa alasiri, masinia hupangwa juu ya mkeka, na visheti hutoka mafungu kwa mafungu hadi magharibi inapokaribia. Hii ni harufu ambayo kila mtu wa Visiwani anaijua tangu utotoni mwake, na aliyeko Muscat au London huikumbuka hata kabla ya kuikumbuka sura ya nyumba yao.

Lakini pamoja na harufu hiyo kuna sauti tunayoisikia mara kwa mara, nayo ni ya mama au shangazi akiwaambia watoto: "Tokeni hapa, mnanichafulia!" Watoto hutolewa jikoni, hutiliwa pesa mkononi ili wasirudi, nao huenda moja kwa moja dukani. Huko hununua peremende, chipsi za pakti na ubuyu mwekundu unaobakia ulimini mpaka kesho yake. Sikukuu ambayo kwa desturi yetu ni ya watoto kuliko ya mtu mwingine ye yote, inatengenezwa bila ya mikono yao.

Tunapenda kuizungumza habari hii leo, ijapokuwa wako watakaoiona ni ndogo mno kwa safu ya mhariri. Sisi hatuioni ndogo. Ufundi wa kupika vitafunio haukuandikwa katika kitabu cho chote ambacho wengi wetu tuliwahi kukifungua. Umehifadhiwa katika vidole vya mabibi zetu. Njia yake ya kupita kutoka kizazi hadi kizazi ilikuwa ni hiyo hiyo ya mtoto kukaa kando ya kibao, kupewa donge lake la unga, na kuachiwa aliharibu. Mtoto asiyepewa donge akiwa na miaka 6 hatalitaka atakapokuwa na miaka 16.

Wasomaji wetu waliokwisha kuwa watu wazima watakumbuka jinsi ilivyokuwa. Kabla ya kuruhusiwa kukaribia unga wa kweli, tulipikapika kwa mchanga na vifuu vya nazi nyuma ya nyumba. Halafu ikaja siku tulipoitwa. Kazi ya kwanza ilikuwa kuonja, kwa sababu wakubwa wamefunga na hawawezi kujua kama sukari imekolea. Mtoto asiyefikia umri wa kufunga ndiye aliyekuwa ulimi wa nyumba nzima. Kazi ya pili ilikuwa kubonyeza visheti juu ya uma, na hapo ndipo uharibifu ulipoanza. Badala ya visheti zilitoka samaki, majahazi na nyota zenye pembe 3, na vyote vilikaangwa pamoja na vingine, vikatiwa shira, vikawekwa kwenye sahani ya pekee. Siku ya Mfunguo Mosi wageni walionyeshwa sahani hiyo na wakalazimika kusifu.

Jambo hili la kutengeneza vitafunio vya mchezo nyumbani limekumbwa na misukosuko katika nchi nyingine pia, na kisa kimoja kinafaa kutazamwa. Huko Marekani, usiku wa tarehe 31 Oktoba, watoto huvaa sura za mizimwi na kupita mlango kwa mlango wakiomba vitu vitamu. Sikukuu hiyo huitwa Halloween, na asili yake ni Ireland na Scotland. Zamani walipewa vilivyopikwa majumbani: biskuti, matufaha yaliyochovywa katika sukari iliyoyeyushwa, mabonge ya bisi. Mwaka 1974, katika jimbo la Texas, baba mmoja alimtilia sumu mwanawe mwenyewe ndani ya peremende, akataka idhaniwe kwamba imetoka kwa mtu baki. Mwaka 1982 watu 7 walikufa katika eneo la Chicago kwa vidonge vya maumivu vilivyotiwa sumu na mtu asiyejulikana. Hofu ilienea nchi nzima. Wazazi wakaanza kutupa cho chote kilichopikwa na jirani, wakakubali tu kile kilichofungwa kiwandani.

Mtaalamu wa elimu ya jamii, Joel Best, alizipitia habari za magazeti ya nchi hiyo tangu mwaka 1958, na mwaka 1985 akatangaza aliyoyaona: hakuna hata mtoto mmoja aliyethibitika kuuawa au kuumizwa vibaya na kitafunio alichopewa na mgeni mlangoni usiku huo. Lakini biskuti za jirani zilikuwa zimekwisha kufa, na waliofaidika ni wenye viwanda vya peremende. Sasa wazazi wengi wa huko wanajaribu kurudi jikoni pamoja na watoto wao. Nusu ya ndizi iliyomenywa hutiwa zabibu kavu mbili zikawa macho, ikawa zimwi jeupe. Chenza lililomenywa huchomekwa kijiti cha kijani juu, likawa boga. Watoto wa Wazanzibari waliohamia nchi hizo hurudi kutoka skuli na maswali juu ya mambo haya, na kila nyumba hulijibu kwa kadiri ya dini na rai yake. Hatusemi kabisa kwamba sikukuu hiyo iletwe Visiwani; zetu zinatutosha. Tunachokitazama ni kwamba wenzetu walikipoteza kitu kwa sababu ya hofu, na sasa wanakirudisha kwa taabu. Sisi tunakipoteza kwa sababu ya haraka tu.

Na hicho tunachokinunua badala yake kina mushkeli wake. Mwaka 2007 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi wao juu ya watoto waliopewa vinywaji vyenye mchanganyiko wa rangi za viwandani pamoja na dawa ya kuhifadhi chakula iitwayo sodiamu benzoati. Waliona kwamba watoto wengi walizidi kuhangaika na kukosa utulivu, ingawa si wote na si kwa kiasi kimoja. Tangu mwaka 2010 nchi za Umoja wa Ulaya zimelazimisha vyakula vyenye rangi 6 zilizotajwa viandikwe onyo kwenye pakti. Mwezi Januari 2025 Serikali ya Marekani nayo iliifuta ruhusa ya kutia katika vyakula rangi nyekundu ya namba 3. Hizi ni rangi zilizokuwa zimekubaliwa kisheria. Basi itakuwaje kwa rangi isiyo na jina, isiyo na namba, iliyofungwa katika kikaratasi? Ipo rangi ya kutilia nguo na mikeka, iitwayo rodamini B, ambayo hairuhusiwi kabisa katika chakula, nayo kwa macho haitofautiki na ile ya halali. Tunawaomba maofisa wa Wakala wa Chakula na Dawa waziangalie rangi za unga hasa katika wiki mbili kabla ya sikukuu, na wenye kupika ubuyu waelezwe kwa upole kabla ya kutozwa faini.

Ajabu ni kwamba rangi tunayo uani. Mti wa mzingefuri, ambao watalii huonyeshwa katika mashamba ya viungo, una mbegu nyekundu ambazo watoto wetu hujipaka midomoni na kucheka. Asili ya mti huu ni Amerika ya joto, na rangi yake ndiyo inayotiwa katika jibini na siagi za Ulaya. Kijiko kimoja cha mbegu hizo kikipashwa moto mdogo ndani ya samli, kwa dakika chache tu, samli hugeuka rangi ya machungwa yaliyoiva. Huchujwa, ikatumiwa kukandia unga. Manjano nayo hutoa rangi yake bila ya kuombwa. Choya iliyochemshwa hutoa wekundu wa damu ya mzee. Lazima tuseme kweli kwamba rangi hizi hufifia kidogo katika mafuta ya moto, kwa hiyo hupendeza zaidi katika vileja vya unga wa mchele vinavyookwa kuliko katika visheti. Mtoto aliyezoea wekundu wa dukani huenda akanung'unika siku ya kwanza. Lakini mpe yeye mwenyewe azichume mbegu, azipashe akiwa pamoja na mkubwa, aone samli ikibadilika mbele ya macho yake, halafu mwambie anung'unike.

Kwa wale ambao wameisahau kazi, visheti vya kuanzia ni hivi: unga wa ngano vikombe 2, samli vijiko vikubwa 3, chumvi kidogo, na tui la nazi la kutosha kulifanya donge gumu kiasi, kama nusu kikombe au zaidi kidogo. Samli na unga hufikichwa kwanza mpaka vichanganyike sawasawa. Kazi hii mtoto wa miaka 4 anaiweza vizuri kuliko mkubwa. Donge likipumzishwa nusu saa ndipo linapokubali kutengenezwa umbo. Shira ni sukari kikombe 1 kwa maji nusu kikombe na iliki iliyotwangwa. Ikianza kuvuta uzi, visheti humwagiwa na kugeuzwageuzwa mpaka sukari igande na kuwa nyeupe juu yake. Sukari hiyo ni nyingi, hatufichi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kutiwa isizidi sehemu 10 katika 100 ya nguvu za chakula anachokula mtu kwa siku, na ni bora ikishuka chini ya 5. Kwa hiyo visheti ni vya sikukuu, na si vya kila siku. Aliyevitengeneza kwa mikono yake, kimoja kimoja, huelewa kwa nini havipatikani kila siku. Aliyenunua pakti haoni sababu ya kutonunua nyingine.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo juu ya moto. Majiko yetu mengi ya mkaa hukaa chini, usawa wa kifua cha mtoto, na karai la mafuta halina kifuniko. Shira ni mbaya kuliko maji ya moto, kwa sababu hupita joto la maji yanayochemka na hunata ngozini. Kwa hiyo kazi zigawanywe bila ya huruma: kukanda, kukata, kubonyeza na kupamba ni kwa watoto, kukaanga na kutia shira ni kwa mkubwa, na mtoto asikaribie karai hata kwa hatua mbili. Akiungua kwa bahati mbaya, jeraha liwekwe chini ya maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe kituo cha afya. Asipakwe dawa ya meno, wala samli, wala unga. Na wadogo chini ya miaka 5 wasipewe kokwa za ubuyu wala njugu nzima, maana hupaliwa.

Wako pia wanaoamini kwamba haya ni mambo ya wasichana. Tunawauliza: haluwa hupikwa na nani? Ile haluwa ya Wete inayosafirishwa hadi ng'ambo husongwa na wanaume wenye mikono kama makasia, na hakuna aliyewahi kuwacheka. Pale Forodhani jioni, walio nyuma ya majiko wengi wao ni vijana wa kiume, na ndivyo wanavyolisha familia zao. Basi mvulana wa miaka 7 anayefukuzwa jikoni kwa kuwa ni mvulana anafukuzwa katika biashara ambayo pengine angeiishi.

Kwa wakubwa wa Serikali tunalo ombi jingine dogo. Katika viwanja vya sikukuu, kama vile Kariakoo mjini Unguja na Tibirinzi huko Chake Chake, meza za biashara hujaa vitu vilivyotoka nje. Tungependa mabaraza ya miji yatenge meza chache kwa ajili ya vitafunio vilivyopikwa majumbani na watoto pamoja na wazazi wao, bila ya kutozwa kodi, ili mradi usafi umekaguliwa. Na Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, ambayo jina lake lenyewe linataja amali, ingefaa iwaalike mabibi katika skuli za msingi siku moja kabla ya likizo ya sikukuu, waje na vibao na nyuma zao. Gharama ni unga, nazi na nauli. Sisi tunaokumbuka foleni za sukari za miaka ya mwanzo ya 1980 tunajua kwamba hata katika dhiki ile sahani za sikukuu hazikukosa kitu, kwa kuwa waliojua kupika walijua pia kukadiria.

Visheti vilivyokauka vizuri hukaa katika kopo lenye kifuniko zaidi ya wiki moja. Basi hakuna haja ya kungojea mpaka mwezi uandame ndipo watu wakimbizane. Waanze siku ya 25, alasiri, watoto wakisharudi chuoni, na donge la kwanza apewe mdogo kuliko wote.