Slim hakushinda peke yake

Kuteleza si kuanguka, walinena wahenga. Jenerali William Slim wa Uingereza alijeruhiwa Gallipoli mwaka 1915, akakwama Gallabat, mpakani mwa Sudan na Ethiopia, mwaka 1940, na mwaka 1942 akaliongoza jeshi lililotimuliwa Burma na Wajapani. Mwaka 1945 aliitwaa tena nchi hiyo, na baadaye akayakiri makosa yake kitabuni.

Lakini aliyeteleza huinuliwa kwa mikono ya wenzake. Mwaka 1944 askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, Wakenya wakiwemo, walipenya mvua, matope na malaria ya bonde la Kabaw hadi wakaiteka Kalewa. Slim amesimamishiwa sanamu London tangu 1990. Je, watoto wetu wanaijua Kabaw?