Mwili Wauma, Vipimo Havionyeshi Kitu: Je, Ni Uvivu?

Fikirini mama anayetoka Kawangware kila asubuhi kwa miguu kwenda Lavington kufua nguo. Leo anafua vizuri, kesho hawezi hata kukamua shuka. Amepimwa malaria, amepimwa taifodi: hakuna kitu. Basi watu wanaanza: "Huyo ni mvivu tu," au "Amerogwa."

Huenda ana faibromayaljia. Huu ni ugonjwa wa kweli. Ubongo na mishipa ya fahamu hupokea maumivu kupita kiasi, kama redio iliyofunguliwa sauti mpaka mwisho. Hauharibu viungo, wala hauambukizi.

Dalili zake
- Maumivu sehemu nyingi za mwili kwa miezi 3 au zaidi.
- Uchovu: mtu analala usiku kucha, anaamka kama hakulala.
- Kusahau sahau na kushindwa kufikiri sawasawa.

Hakuna kipimo cha damu cha kuuonyesha. Daktari hupima ili ajue kama si baridi yabisi, upungufu wa damu au ugonjwa mwingine. Viungo vikifura, ukiwa na homa au ukikonda, usikae nyumbani. Anza kituo cha afya cha karibu. Ikihitajika utaandikiwa barua ya kwenda Mbagathi au Kenyatta.

Kuishi nao
1. Fanya mazoezi. Tembea dakika 10, kisha ongeza polepole. Madaktari wa Ulaya walipopitia tiba zote mwaka 2016, ni mazoezi tu waliyoyapendekeza kwa nguvu.
2. Gawanya kazi. Siku ya nafuu usimalize nguo zote, kesho utalipa.
3. Lala na kuamka saa zile zile.
4. Usinunue dawa za maumivu kila siku. Diklofenaki haisaidii sana hapa, na ikizidi huumiza tumbo na figo. Daktari anaweza kukupa amitriptilini kidogo ya usiku.

Na sisi je? Tusimtoze faini mwenzetu kwa kukosa siku ya kazi akiwa mgonjwa. Tumpe kazi anayoiweza, tutembee naye. Huko ndiko kubebeana mizigo.

Jadilini kikundini: Ni nani kati yetu tuliyemwita mvivu kabla ya kumsikiliza?