Mila za Kujua Kabla ya Kumsoma Manusura

Mkoani Mtwara mtu akizidiwa na ugonjwa, wazee husema apelekwe Ndanda. Hospitali ile ni ya Wabenedikto, walioanza kazi hapo mwaka 1906, baada ya misheni zao za Lukuledi na Nyangao kuteketezwa katika Vita vya Majimaji. Chimbuko la shirika lao ni abasia ya St. Ottilien, kusini mwa Ujerumani. Mwaka 1941 Wanazi waliwatimua watawa wa huko na kuyageuza majengo kuwa hospitali ya askari. Aprili 1945 daktari Zalman Grinberg, Myahudi wa Kaunas, Lithuania, naye akiwa mfungwa, aliwafikisha pale majeruhi wa treni ya wafungwa iliyoshambuliwa na ndege. Mpaka 1948 St. Ottilien ilikuwa hospitali ya Wayahudi walionusurika, na watoto zaidi ya 400 walizaliwa humo.

Vitabu walivyoandika manusura wa Kiyahudi wa mauaji ya Wanazi, kama wale wa St. Ottilien, vimejaa mila ambazo wasomaji wengi wa Ulaya huhitaji kufafanuliwa. Mtu wa Mikindani au Msimbati, pwani ya Mtwara, nyingi anaziishi. Siku ya Myahudi huanza jua likizama. Ijumaa muda mfupi kabla ya magharibi mama wa nyumba huwasha mishumaa, Sabato imeingia: moto hauwashwi tena, biashara imefungwa, mpaka nyota za Jumamosi zionekane. Nguruwe ni haramu, na mnyama huchinjwa kwa kisu kikali akiwa na fahamu zake. Ila pweza na kamba wa pwani yetu Myahudi asingewagusa, maana kiumbe wa majini lazima awe na mapezi na magamba. Aprili 1933, miezi michache tu baada ya Hitler kushika madaraka, sheria ya Ujerumani iliamuru mnyama apotezwe fahamu kwanza ndipo achinjwe. Ilivaa sura ya huruma kwa wanyama. Kwa kweli ilimzuia Myahudi kuchinja kwa sheria ya dini yake katika nchi yake mwenyewe.

Tohara ndiyo itakayomshtua msomaji wa huku. Kwetu mvulana aliyetoka jandoni hushangiliwa, hupewa nguo mpya, na asiyetahiriwa ndiye hutaniwa. Mtoto wa Kiyahudi hutahiriwa siku ya 8 ya uhai wake, bila kumbi wala ngoma, kwa agano la Ibrahimu. Sasa Wakristo wa Poland hawakutahiri. Myahudi aliyejificha kwa jina la Kikristo asikamatwe na Wanazi, mwenye hati za kughushi na Kipolandi safi, angeweza kuamriwa barabarani avue suruali, na hapo kila kitu kikaisha. Wanawake walikuwa na nafasi kubwa kidogo ya kupita. Ukikuta katika kitabu kijana anayeogopa kuoga mbele ya wenzake, usidhani ni haya.

Maiti ya Kiyahudi huoshwa, huvikwa sanda nyeupe na kuzikwa haraka; kuichoma ni mwiko. Wafiwa hukaa matanga siku 7, na mtoto wa kiume humsomea mzazi sala iitwayo Kaddish kwa miezi 11, akiwa na wanaume wasiopungua 10. Sala hiyo haitaji kifo hata mara moja, ni kumtukuza Mungu mwanzo hadi mwisho. Elie Wiesel, mmoja wa manusura walioandika, alitoka Sighet, mji uliokuwa chini ya Hungaria wakati huo, ambako viongozi wa Wayahudi walikamatwa siku ya 7 ya Pasaka yao mwaka 1944. Mwezi Mei alisafirishwa hadi Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, akiwa na miaka 15. Anasimulia kwamba walipouona moto wa kuchomea watu kambini, watu walianza kujisomea Kaddish wenyewe. Ni sawa na mtu kujisomea hitima akiwa hai, na mtoto wa kumsomea amesimama kando yake, naye anangoja zamu yake.

Baadaye ikafika Yom Kippur, siku ya mfungo na toba. Sheria ya Kiyahudi humruhusu mgonjwa kula, kama ilivyo Ramadhani, tena humlazimu ikiwa uhai wake uko hatarini. Kambini walibishana vikali juu ya hilo. Wiesel alikula: baba yake alikuwa amemkataza kufunga. Lakini kijana huyu aliyekuwa akikesha na Talmud, maandiko ya sheria ya Kiyahudi, anaongeza kwamba supu ile aliinywa kwa kumwasi Mungu aliyenyamaza.