Tovuti ikikwama, si kila mara kosa ni la bando lako

Msikilizaji wetu, matokeo ya mtihani yametangazwa, umeshika simu, unafungua tovuti, na unachokiona ni kiduara kinachozunguka tu. Wengi hulaumu bando au mnara wa simu. Lakini mara nyingine tatizo liko kule programu ya tovuti inakokaa. Leo tunaeleza kunapangwaje.

Jambo hili hapa kwetu si geni. Mwaka 2009, Kigoma Vijijini ilikuwa moja ya wilaya 3, pamoja na Lindi Vijijini na Ulanga, zilizofanyiwa majaribio ya mpango wa SMS for Life. Wahudumu wa vituo 129 vya afya walituma kila wiki, kwa ujumbe mfupi, idadi ya dawa za malaria walizobaki nazo, na viongozi wa afya wa wilaya wakaziona takwimu hizo kwenye tovuti. Wiki ya kwanza, asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa. Wiki ya 21, ilikuwa asilimia 26. Mfumo wa namna hiyo ukilala, wilaya haijui ni kijiji gani hakina dawa.

Kuandika programu ni nusu ya safari

Siku hizi kijana wa Ujiji anaweza kuandika mfumo kama huo kwa Python, lugha ya kompyuta iliyotolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum. Instagram unayoifungua kwenye simu imeandikwa kwa Python pia, ikitumia Django, zana iliyoanzia kwenye gazeti moja la Kansas, Marekani.

Django huja na seva ndogo ya kujaribia kazi. Waliyoitengeneza wenyewe wanaonya isitumike kuhudumia umma. Inamfaa mwandishi akiwa peke yake, siyo mkoa mzima.

Mapokezi na waganga

Fikiria zahanati yenye waganga 5 na haina mapokezi. Kila mgonjwa anaingia moja kwa moja kwa mganga. Watano wa kwanza wanaongea polepole, wanatafuta kadi, wanasahau majina. Wa sita anasubiri nje, hata kama shida yake ni ya dakika moja.

Ndivyo inavyokuwa kwa programu iliyoachwa wazi mtandaoni. Waganga hapa ni Gunicorn, inayoendesha programu ya Python. Katika mpango wake wa kawaida, kila mtenda kazi wake hushughulikia ombi moja kwa wakati. Simu 5 zilizoko Kalya au Buhingu zenye mtandao wa kusuasua zinatosha kuwashika wote 5.

Dawa yake ni kuweka mapokezi. Kazi hiyo hufanywa na seva ya mbele kama Nginx, iliyotolewa mwaka 2004 na Igor Sysoev kwa lengo la kubeba maelfu ya watu kwa pamoja. Nginx hupokea ombi lako taratibu mpaka litimie, kisha hulipeleka ndani. Mganga hujibu haraka na kugeukia mwingine. Nginx hubaki na jibu, ikikupa kidogo kidogo kwa kasi ya simu yako.

Picha na vipindi vilivyorekodiwa, Nginx huvitoa yenyewe bila kumsumbua mganga. Pia ndiyo inayosimama mlangoni: programu hukaa mlango wa ndani usiofikika kutoka nje, na mawasiliano yako hufungwa kwa kufuli. Kumbuka, kufuli hilo linaficha unachotuma njiani. Halithibitishi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu, kwa hiyo usitoe namba ya siri kwa sababu tu umeliona.

Na umeme ukikatika? Kwenye seva za Linux huwekwa msimamizi aitwaye systemd, anayeiwasha programu tena kompyuta inaporudi, bila mtu kuamka usiku.

Wewe mwenye simu ufanye nini?

Mapokezi mazuri hayaongezi waganga. Programu ikielemewa au ikizimika, utaona namba 502, yaani mapokezi yapo lakini ndani hakuna jibu la maana. Ukiona 504, ndani wamechelewa kupita kiasi. Namba zote mbili zinaonyesha kwamba simu yako imefika, na kosa liko upande wao. Usinunue bando jingine. Usibonyeze tena na tena, maana kila mbonyezo ni mgonjwa mwingine kwenye foleni. Subiri dakika kadhaa, ujaribu tena.

Na wewe kijana unayejifunza Python, kabla hujawaambia watu mfumo uko tayari, ujaribu kwa simu ya bei nafuu, mahali mtandao ulipo dhaifu. Huko ndiko waliko watumiaji wako wengi.