Kuonja Wiski kwa Pua Inayojua Kimea

Lizaboni, mjini Songea, mkoani Ruvuma, kimea hakihitaji utambulisho. Ulezi huloweshwa, hufunikwa kwenye gunia bichi hadi utoe vimizizi vyeupe, huanikwa juani, husagwa, kisha unga wake huingia kwenye uji wa mahindi uliopoa. Siku chache baadaye ni komoni. Mpika pombe mzoefu hangoji mwisho ndipo ajue kama kazi imekwenda sawa: huulamba ule unga. Ukiwa na utamu, anaendelea. Ukinuka uvundo, gunia zima limeharibika.

Wiski za bei mbaya nazo huanzia hapo hapo. Nafaka inapoota, vimeng'enya vyake hugeuza wanga kuwa sukari, hamira ikaila sukari hiyo na kutoa kilevi. Tofauti ni kwamba wiski ya singo molti hutumia kimea cha shayiri peke yake, tena kutoka kiwanda kimoja. Pombe yake huchemshwa kwenye mitungi mikubwa ya shaba, mvuke ukapozwa na kukusanywa, kisha kinywaji kinalazwa kwenye mapipa ya mbao za mwaloni. Uskoti, kanuni za mwaka 2009 zinataka kilale miaka isiyopungua 3, na kisiuzwe kikiwa na kilevi chini ya asilimia 40. Nchi nyingine zina kanuni zao.

Hapa msomaji asije akakimbilia sufuria. Tanzania ina sheria ya mwaka 1966 inayokataza kutengeneza gongo kiholela, na sababu si kodi tu: kinywaji kilichochemshwa bila utaalamu kinaweza kubeba sumu inayopofua macho na kuua.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba wiski ya maana ni ya Uskoti tu. Wajapani ndio walioanza kutikisa imani hiyo. Mwaka 1918 kijana Masataka Taketsuru alisafiri hadi Glasgow kusoma kemia na kujifunza viwandani, na aliporudi akashirikiana na Shinjiro Torii, ambaye mwaka 1923 alianzisha kiwanda cha Yamazaki. Baadaye India ikaja na Amrut ya Bengaluru, iliyozinduliwa mwaka 2004 huko Glasgow kwenyewe, nyumbani kwa wenye mali. Taiwan ilianza kutengeneza Kavalan mwaka 2006. Januari 2010, gazeti la The Times liliandaa uonjaji huko Leith, Edinburgh, ambapo waonjaji hawakujua glasi ipi ina nini. Kavalan, ikiwa bado changa, iliongoza mbele ya wiski za Uskoti.

Siri mojawapo ni joto. Pipa hupumua, na kila mwaka sehemu ya kinywaji huyeyukia hewani. Wenye viwanda huiita fungu la malaika. Kwenye baridi ya Uskoti malaika huchukua kama asilimia 2. Bengaluru wanaondoka na zaidi ya asilimia 10. Hasara hiyo ina faida yake: joto huharakisha mazungumzo kati ya kinywaji na mbao, hivyo wiski ya miaka michache katika nchi ya joto inaweza kuwa imekolea kuliko ya miaka mingi kutoka kwenye baridi. Kwa hiyo namba ya umri kwenye chupa haitoshi kulinganisha nchi na nchi. Rangi nayo inadanganya, kwa kuwa hata kanuni za Uskoti zinaruhusu kuongeza rangi ya karameli.

Kinachobaki ni pua na ulimi. Waonjaji hutumia glasi ndogo yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, ili harufu ijikusanye juu. Humimina kidogo, wakaisogeza taratibu puani huku midomo ikiwa wazi kidogo, maana anayezamisha pua kwa pupa huchomwa na kilevi na hanusi kitu tena. Funda la kwanza ni la kuuzoesha ulimi. La pili huzungushwa mdomoni, kisha humezwa au hutemwa. Wenye glasi nyingi za kupima hutema. Baadaye hutiwa matone ya maji. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Sweden, walionyesha kwamba maji hayo husaidia kukipandisha juu ya glasi kiambato kimoja chenye harufu ya moshi.

Alama hutolewa kwa jumla ya 100. Mwingereza Michael Jackson, mwandishi na si yule mwanamuziki, aliueneza mtindo huo kupitia kitabu chake cha mwaka 1989. Wengine hugawa alama hizo sawasawa: harufu, ladha, kinachobaki kooni, na uwiano wa yote.

Mwonjaji wa Ruvuma hana haja ya kuazima maneno. Pipa lililowahi kulaza wiski ya Marekani huacha vanila na nazi. Lililolaza mvinyo wa Hispania huleta zabibu kavu. Wiski nyingi za kisiwa cha Islay, Uskoti, ambazo kimea chake hukaushwa kwa moshi wa udongo mweusi wa mimea iliyooza, zitamkumbusha samaki wa moshi wa Ziwa Nyasa. Wanywaji wa ulanzi wa Nyanda za Juu Kusini tayari wanatenganisha mtogwa, ulio mtamu na mchanga, na mkangafu uliokomaa na kukamata. Huo ni uonjaji, ila hakuna aliyeuandikia alama.

Kwa mkoa unaolima mahindi kwa wingi kama Ruvuma, ipo habari nyingine ya kuvutia. Kiwanda cha James Sedgwick, mjini Wellington, Afrika Kusini, hutengeneza singo molti ya Three Ships, lakini pia wiski ya Bain's, ambayo ni ya mahindi. Mwaka 2013 na tena 2018, Bain's ilitangazwa kuwa wiski bora ya nafaka duniani katika tuzo za World Whiskies Awards. Shayiri haina hakimiliki ya ubora.

Anayetaka kujaribu, mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, achange na wenzake chupa mbili za nchi tofauti, wazifunike kwa gazeti, kila mtu aandike alama zake kabla ya kufunua. Dukani, bei isimlaghai: akague stempu ya kielektroniki ya TRA, inayotakiwa kwenye pombe kali tangu Januari 2019, na aihakiki kwa programu ya simu ya Hakiki Stempu. Chupa isiyo na stempu aiache hapo hapo kwenye kaunta.